Wanakubali mama auze, hawakubali biashara yake ikue

Siku ya soko hapa Kipese, simama pembeni kidogo uhesabu. Nani wameketi nyuma ya marundo ya viazi, shu, karoti na puaro? Nani wanapima maharagwe na unga? Nani wanapanda kilima na mzigo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso? Wengi ni wamama na wasichana. Basi mtu akisema kwamba mila yetu inamkataza mwanamke kuuza, hajaangalia soko vizuri.

Lakini karibia mmoja wa wamama hao umuulize: «Mama, unafanya kazi gani?» Mara nyingi atajibu: «Sina kazi, mimi nauza-uza tu.» Ameamka kabla ya jogoo, ametembea saa mbili, amelisha watu saba kwa mikono yake, na bado anasema hana kazi. Hapo ndipo shida yetu ilipo. Mila inaturuhusu tuuze. Isichokubali ni biashara ya mwanamke ikue, iitwe kazi, na iwe na jina la mwenyewe.

Wamama wapendwa, wiki hii tuongee juu ya jambo hilo, kwa ajili yetu na kwa ajili ya mabinti wetu wanaotuangalia.

Sifa ya biashara ni ya nani?

Sisi Wanande tunajulikana katika Kongo nzima kuwa watu wa biashara. Zamani babu zetu walifuata chumvi ya Katwe, ng'ambo ya ziwa Edward, wakaibadilisha na chakula cha milimani. Baadaye mboga na maharagwe ya Kivu yalipanda lori mpaka Kisangani. Mtafiti Janet MacGaffey alichapisha mwaka 1987 kitabu juu ya wafanyabiashara wa Kisangani, na Wanande wamo ndani yake. Leo wachuuzi wa Butembo wanafika Kampala, Dubai na China kutafuta mali.

Ukitaja mfanyabiashara wa Butembo, watu wanaona picha gani? Wanaona mwanaume mwenye depo na lori. Mtoto wa kiume akianza kuuza biskuti shuleni, wazazi wanacheka kwa furaha: «Huyu ana akili, atakuwa tajiri.» Dada yake akifanya vilevile, anaonywa: «Wewe una tamaa ya makuta, utapotea.» Mtoto ni wa tumbo moja, biskuti ni zilezile, lakini maneno ni mawili.

Msichana huyo akikua na biashara yake ikakua naye, maneno yanazidi. Akisafiri kufuata mali, wanauliza analala wapi. Akijenga nyumba ya mabati, wanauliza ni nani amempa. Asipoolewa mapema, wanamwita «mwanamke huru», na neno hilo, ambalo lingekuwa sifa, kwetu limekuwa tusi. Akiwa ameolewa, wanasema amempanda bwana wake kichwani. Wamama wengi wanayasikia hayo kabla hayajasemwa, wanajipunguza wenyewe. Wanabaki na beseni moja miaka kumi, hata kama mtaji wa kununua magunia matano wanao.

Je, ni mila ya babu zetu kweli?

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hatukufundishwa. Lile neno la «mwanamke hawezi kufanya biashara bila ruhusa ya bwana» halikutoka kwa babu zetu peke yao. Liliandikwa pia na wakoloni. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 1913 juu ya wafanyabiashara ilisema kwamba mke hawezi kuwa mfanyabiashara bila bwana wake kukubali. Wabeleji waliileta kwa sababu kwao pia ilikuwa hivyo.

Angalieni sasa mambo yalivyokwenda. Wabeleji waliondoa mamlaka hayo ya bwana kwa sheria ya tarehe 30 Aprili 1958. Ufaransa, mke aliruhusiwa kufungua konti yake ya banki na kufanya kazi bila ruhusa ya bwana mwaka 1965. Sisi tulibaki nayo. Kitabu cha sheria za familia cha tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, kilimtaka mke apate ruhusa ya bwana kwa kila mapatano ya kisheria yanayomfunga kutoa huduma yeye mwenyewe.

Kifungu hicho kilibadilishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Sasa sheria haimtaki mke aombe ruhusa. Inawataka bwana na bibi wapatane, wote wawili, katika mambo yanayowafunga. Hata bwana anapaswa kupatana na bibi yake. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 35, inasema kwamba Serikali inatia moyo biashara ndogo inayofanywa na Wakongomani. Haikusema Wakongomani wanaume.

Ninayaeleza haya kwa sababu mtu akikuambia «sheria inakataza», ujue ni sheria gani na ya mwaka gani. Kuna watu mpaka leo wanaotuhukumu kwa karatasi ambayo Kinshasa ilishaitupa. Nyumba haijengwi kwa kifungu cha sheria, kweli. Lakini mama anayejua kwamba sheria iko upande wake anaongea na bwana kwa utulivu, hana haja ya kupiga kelele wala kujificha.

Mahali patatu biashara ya mama inapokatiwa

Katika vikundi vyetu, ukisikiliza masimulizi ya wamama, utaona kwamba biashara zao zinafia mahali palepale.

Pa kwanza ni chunguni. Mara bwana anapoona bibi ameanza kupata, anaacha kutoa makuta ya chakula. Halafu anaacha kutoa ya shule, halafu ya dawa. Biashara iliyoanzishwa ili kuongeza pato la nyumba inabeba nyumba yote peke yake. Baada ya miezi mitatu mtaji umekwisha, na watu wanasema: «Si tulisema? Mwanamke hajui biashara.»

Pa pili ni njiani. Faida nzuri haipatikani mahali mboga zinapolimwa, inapatikana pale zinapokosekana. Mama asiyeweza kutoka Kipese anamuuzia mtu wa kati kwa bei ya mtu wa kati. Yule anayefika Butembo, Beni au mpaka wa Kasindi anajua bei ya kweli. Mwanamke akinyimwa njia, amenyimwa nusu ya faida yake. Najua barabara zetu zina hatari, na hatari hiyo ni ya kweli kwa wote. Lakini mara nyingi tunazuiwa hata siku za amani, kwa sababu ya midomo ya watu tu.

Pa tatu ni kwenye mkopo. Mkopo mkubwa unaomba dhamana, na dhamana kwetu ni shamba au kiwanja. Kwa desturi mashamba yanapita kutoka baba kwenda kwa wana wa kiume. Sheria ya familia inawahesabu watoto wote kuwa warithi, wa kiume na wa kike, lakini kwenye kikao cha ukoo binti anaambiwa atapata kwa bwana wake, na akifika kwa bwana anaambiwa shamba ni la ukoo. Hivyo mama anakimbilia Banki Lamberti, anakopa kwa riba ya kunyonga, na anachopata kesho kinalipa deni la jana.

Hakuna hata pamoja kati ya hapo patatu panapoonyesha kwamba mwanamke hana akili ya biashara. Panaonyesha kwamba biashara yake haihesabiwi kuwa kazi. Kazi ya mshahara hatuitendei hivyo. Hakuna bwana anayemwambia bibi yake muuguzi aache dawa za hospitali ziliwe nyumbani.

Na msichana aliyesoma?

Mimi ni mwalimu. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari watafanya nini baada ya mtihani wa Serikali. Wasichana wanajibu: mwalimu, muuguzi, mtawa, sekretari. Msichana akithubutu kusema «nitafanya biashara», darasa zima linacheka, hata wale wanaosoma komersiale, ambao kila siku wanaandika hesabu za mauzo na manunuzi! Nyumbani ataulizwa: «Basi tulilipa shule ya nini? Si ungekaa sokoni na mama yako tangu zamani?»

Wazazi wanasema hivyo kwa upendo. Wanataka mtoto apumzike kutoka katika jasho lao, apate mshahara. Lakini sisi tulio ndani ya kazi ya mshahara tuseme ukweli. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za Serikali ni za bure, watoto wameongezeka, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo kuna walimu wenye diploma wanaofundisha mwaka baada ya mwaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Ualimu ni kazi ninayoipenda na sitawafukuza mabinti zetu kutoka humo. Ninachokataa ni kumwambia msichana kwamba diploma ina mlango mmoja tu, halafu aketi nyumbani miaka mitano akingoja mlango huo ufunguke.

Diploma sokoni haipotei. Msichana anayejua kuandika hesabu, kusoma mkataba na kuongea Kifaransa na Kiswahili mbele ya watu wa forodha ana mtaji ambao mama yake hakuwa nao. Mama yake naye ana mtaji ambao shule haifundishi: anajua majira ya viazi, anawajua wanunuzi, anajua nani analipa na nani anadanganya. Wawili hao wakikaa pamoja, biashara inapata miguu miwili.

Kazi unayokimbia nayo

Hapa kwetu kuna sababu moja zaidi, nayo inauma. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamezika ndugu kwa mauaji yasiyokwisha. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, tukiwa tumepoteza watu wengi. Mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, familia nyingi za kusini zilikimbilia upande wetu na Butembo.

Tuliwaona wakifika. Shamba halikukimbia nao. Nyumba, ng'ombe na mavuno vilibaki nyuma. Lakini mama aliyejua kukaanga mandazi, kushona, kutengeneza sabuni, kununua hapa na kuuza pale, alianza tena kwa jiko la kuazima na franga chache. Watoto wake walikula mapema kuliko wale waliongoja msaada. Mila iliyomzuia mama asijue kazi ya makuta haikumlinda siku hiyo. Yule aliyekuwa na kazi kichwani na mikononi aliivuka nayo barabara.

Kwa hiyo tunapomfundisha binti biashara kwa heshima, tunampa kitu ambacho hata vita haviwezi kukinyang'anya kirahisi.

Namna ya kuigeuza «nauza-uza» kuwa kazi

Tuanze na kaye na biki. Tuchukue mfano, na kila mmoja aweke namba zake mwenyewe. Mama ana franga 60.000. Ananunua gunia la viazi kwa 50.000. Moto ya kusafirisha inakula 6.000, jeto ya soko 1.000, mchunga mzigo 1.000, na chakula chake cha siku 2.000. Zote 60.000 zimetoka. Anauza, anapata 68.000, na viazi vya 4.000 vimepikwa nyumbani.

Mama asiyeandika anasema: «Nilinunua 50.000, nimeuza 68.000, nimepata faida 18.000.» Anazitoa zote 18.000, analipa shule. Juma linalofuata ana 50.000 mkononi. Gunia analinunua, lakini makuta ya moto na ya soko hana. Anakopa. Mtaji umekatwa 10.000 bila mwizi kuingia nyumbani.

Mama anayeandika anaona kwamba makuta yaliyozidi ni 8.000, na kwamba nyumba imeshakula 4.000 za biashara. Analiandika hilo pia: «Nyumba imechukua viazi vya 4.000.» Zile 8.000 anazigawa: labda 3.000 ni mshahara wake, 3.000 zinaongeza mtaji, 2.000 zinaenda kwenye kikundi. Shule inalipwa kutoka kwenye mshahara wake na kutoka kwa bwana. Haitoki kwenye mtaji.

Pili, tutenge mfuko. Makuta ya biashara yasilale pamoja na makuta ya chumvi. Ikiwezekana yawe na namba yake ya simu kwa M-Pesa au Airtel Money, yenye jina la mama mwenyewe.

Tatu, tuongee na bwana kabla biashara haijakua. Chagueni jioni ya utulivu. Mama alete kaye yake, amwonyeshe namba. Mapatano yaandikwe: baba ataendelea kutoa nini, mama ataongeza nini, mtaji hautaguswa mpaka kiasi gani. Wanaume wengi wanaogopa kitu wasichokiona. Wakiona hesabu, baadhi yao ndio wanaoamka saa kumi za usiku kusaidia kufunga mizigo. Tunao hao hapa Kipese, na tuwasifu wazi mbele ya wengine, ili vijana wajue kwamba kumsaidia bibi si kupungukiwa uanaume.

Nne, tutumie AVEC zetu vizuri. Mpango huu ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa kijijini kama sisi. Nguvu yake ni ya wazi: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, kila mmoja anaweka sehemu zake mbele ya wote, na mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mtu. Mwisho wa mwaka tunagawana. Lakini tujiulize: mgawanyo unaenda wapi? Ukiisha wote kwa vitenge vya sikukuu, tumejifurahisha, hatukukua. Kila mama aseme mbele ya kikundi, kabla ya kugawana, ni kiasi gani kinarudi kwenye kazi yake. Mkopo wa AVEC hauombi hati ya shamba. Kwa mama asiye na kiwanja chenye jina lake, hiyo ndiyo njia ya kuiepuka Banki Lamberti.

Tano, tusafiri pamoja. Wamama wanne wanaokwenda Butembo na mizigo yao hawana maswali mengi ya kujibu, wanapata bei nzuri ya gari, na wanalindana.

Neno kwa sisi wenyewe

Mara nyingi anayemkatisha tamaa mama mfanyabiashara si bwana. Ni wifi, ni mama mkwe, ni jirani kwenye bomba la maji. Sisi ndio tunaouliza «kitenge hicho amekipata wapi?» Ulimi wetu unaweza kufunga duka ambalo majambazi hawakulifunga. Tukisikia maneno hayo katika kikundi, tuyakate palepale.

Na tuanze na jibu letu. Kesho mtu akikuuliza unafanya kazi gani, usiseme «nauza-uza tu». Sema: «Mimi ni mfanyabiashara wa viazi.» Sema hivyo watoto wakisikia, hasa wa kike.

Kwa mkutano wa kikundi wiki hii, tunapendekeza maswali matatu:

1. Nyumbani kwetu, tangu mama aanze kuuza, baba ameacha kulipa nini? Tunaweza kuongea naye namna gani bila ugomvi?

2. Kila mmoja alete hesabu ya wiki moja. Faida ya kweli ni kiasi gani, baada ya kutoa njia, soko na kile kilicholiwa nyumbani?

3. Tunao wasichana wangapi wenye diploma wanaokaa bila kazi? Nani kati yetu yuko tayari kumchukua mmoja kwa miezi mitatu, amfundishe soko naye amwandikie hesabu?

Kwa swali la tatu, andikeni majina na mwakabidhi viongozi wa kikundi kabla ya siku ya soko ijayo.